Benchi la Tabora

Bibi wa jikoni alivuta sigara akiwa ameuweka upande wenye moto ndani ya mdomo. Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani amekosea, na wapo waliotaka kumwokoa. Dereva mmoja wa lori aliwahi kumkimbilia na jagi la maji. Yeye alikuwa ametulia tu, midomo imekibana kile kipande cheupe kilichobaki nje, mikono ikiendelea kumenya vitunguu. Baada ya muda anaitoa, anaikung'uta majivu, anairudisha vilevile. Alisema alijifunza kwa wanawake wakubwa kwenye mashamba ya mpunga, ambako mikono haina nafasi na upepo hauna adabu. Moto ukikaa mdomoni mvua haiuzimi, na mume aliye ng'ambo ya shamba hauoni.

Sikuwahi kumwita kwa jina lake. Pale grosari sote tulimwita Bibi wa jikoni, na wateja waliozoea walimwita Bibi tu. Grosari yenyewe ilikuwa Misugusugu, karibu na barabara kuu: ukuta wa matofali uliofika kiunoni, juu yake nyavu, juu ya nyavu bati, na mlango mmoja mbele. Kulikuwa na bia, soda, nyama ya kuchoma, na supu yake iliyowatoa watu Kongowe asubuhi.

Mimi nilifika pale baada ya mama kufariki. Baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa kidato cha pili, nikiwa na wadogo zangu wawili, wote shule ya msingi. Baada ya arobaini ndugu walikaa na kupendekeza tugawanywe, kila mmoja aende kwa ndugu mmoja, na walisema kwa nia njema kabisa. Nikawaambia hatugawanyiki. Wakaniuliza tutakula nini. Kazi ya kuhudumu pale grosari ndiyo iliyokuwa jibu langu. Nilijua wazi kwamba siku nitakayoipoteza, ndugu watarudi na lile pendekezo lao, na safari ile sitakuwa na la kusema.

Bibi hakunihoji kuhusu hayo. Siku ya kwanza alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akanipa kijiko cha supu, akaniuliza chumvi imekaa? Nikasema bado kidogo. Akaongeza. Akanipa tena. Nilidhani ananikaribisha. Baadaye nikagundua kwamba alikuwa ananijaribu kama nasema kweli, kwa sababu yeye mwenyewe chumvi alikuwa haisikii vizuri. Miaka yote ile ya moto mdomoni ilikuwa imemwachia ulimi mgumu. Mpishi mwenye sifa kuliko wote kuanzia Kongowe hadi Misugusugu hakujua chumvi ya chakula chake, na aliyekuwa anaijua ni mimi. Wateja wakimsifu aliitikia kwa unyenyekevu kisha ananikonyeza.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyokaa pamoja, na wala hayakumsumbua. Alitoka Msimbu, kwenye familia ya watu wa dini, na alisali sala zake zote kwenye mkeka nyuma ya ghala la makreti ya bia. Chupa ya bia hakuigusa. Mteja akiisahau mezani kwake jikoni, aliichukua kwa koleo la mkaa kama mtu anayemtoa nge, akaiweka chini nje ya mlango. Nikamwuliza mara moja, sasa Bibi, mshahara wetu unatoka wapi kama si kwenye hizi chupa? Akasema mshahara unatoka kwa Mungu, chupa ni njia tu, na si kila njia unayoipita lazima uishike. Kitimoto, ile nyama ya nguruwe, alikataa kabisa kisipikwe kwenye sufuria zake, na Bosi, mwenye grosari, akakubali kikapikwe kwa jirani.

Mwezi wa Ramadhani alipika mchana kutwa kwa ajili ya wasiofunga, na sigara haikugusa mpaka jua lizame. Wavutaji walimtania kwamba basi anaweza kuacha, anajifanya tu. Yeye alisema kuahirisha na kuacha ni maneno mawili tofauti, waulizeni wanaodaiwa.

Akikasirika alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anaanza kuita watu kwa heshima. Kwa kawaida Bosi, kijana wa Kibaha aliyepanga lile jengo, alimwita mwanangu. Siku akimwita mheshimiwa, Bosi alijua ana jambo la kurekebisha kabla ya chakula cha mchana.

Mtu aliyezoeana naye kuliko wote ni karani mmoja mstaafu, Mnyamwezi wa Tabora aliyejenga Kibaha na kukaa. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zao wale walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani, na hawa wawili waliifanya kazi hiyo kwa bidii. Karani akiingia tu, Bibi anauliza kutoka dirisha la jikoni huyu mpagazi ameshafika, mzigo kautua wapi. Karani anajibu kwamba Mzaramo akikuuliza mzigo uko wapi, ujue ameshauiba. Siku Bibi alipofiwa na dada yake, Karani alifunga safari mpaka Msimbu, akaingia msibani akilia kwa sauti kwamba marehemu kafa na deni la kuku wake, na hatanyamaza hadi alipwe. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka. Bibi alipenda sana kuisimulia ile habari, na kila mara akiisimulia yule kuku alizidi kunenepa.

Karani alikuwa na meza yake, ile ya kona karibu na kaunta, na sigara yake. Hakuwa mlevi. Bia moja aliikalisha hata ikachemka. Alichokuja kutafuta ni ule mchana, gazeti, watu wa kubishana nao, na moshi wake ukipanda taratibu hadi kwenye bati. Alikuwa muungwana kwangu. Hakuwahi kunishika mkono wala kuniita majina. Na meza yake ndiyo niliyosimama karibu nayo muda mrefu kuliko zote.

Kikohozi kilianza kama mafua. Kikakaa. Ikafika mahali nikipanda kilima kurudi nyumbani inabidi nisimame, na mdogo wangu wa kike akawa hasinzii hadi asikie nimelala vizuri. Kwenye zahanati daktari aliniuliza kama navuta, nikasema hapana. Akauliza nyumbani nani anavuta, nikasema hakuna. Akauliza nafanya kazi wapi. Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Alisema kifua changu na moshi havipatani, nitafute kazi nyingine, na nisingoje.

Nilimwambia Bibi peke yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa kijiko nionje chumvi, akasema tutaona.

Baada ya hapo alianza kulizungumza jambo hilo na Bosi, kwanza kwa mwanangu, halafu kwa mheshimiwa. Bosi hakuwa mtu mbaya. Alisema anajua kwamba sheria ipo, wavutaji watengewe mahali pao, lakini sheria inasema ndani, na hapa kwetu ndani ni wapi? Nyavu kila upande, upepo unapita. Na akiwafukuza wavutaji watakwenda grosari ya mbele, na wakienda huko yeye atapunguza watu. Alinitazama aliposema hivyo, kisha akatazama pembeni.

Ikawa ndiyo mada ya grosari nzima. Kila mtu alikuwa na neno. Mwalimu mmoja wa kike aliyekuja kunywa supu alisema hata yeye nguo zake zinanuka hadi darasani. Fundi wa magari alisema aliyekereka na moshi aende akanywe supu kanisani. Kijana mmoja akasema kwa kutafakari, wala si kwa ubaya, kwamba wahudumu wasiopenda moshi wapo wengi kwenye maduka ya nguo, si lazima kila mtu afanye kazi baa. Nilikuwa namfungulia soda. Niliifungua, nikamwekea, nikarudi kaunta.

Karani alizungumza mwisho. Alisema nyumbani mke wake hamruhusu, na ana haki. Ofisini walimkataza kabla hajastaafu, na walikuwa na haki. Kwenye gari haruhusiwi, kanisani haruhusiwi, hospitalini ndiyo usiseme. "Kote nimetoka, nimetii," alisema. "Nimebakiwa na hii kona. Mkinitoa na hapa, niambieni basi niwe wapi." Hata mimi nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilikuwa nimeshika ukingo wa kaunta nikisubiri pumzi irudi.

Ndipo Bibi alipotoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na desturi ya kuingia upande wa wateja.

"Mnaulizana ndani ni wapi," alisema. "Wewe mteja moshi ukikuchosha utasimama, utakwenda zako. Bosi atakwenda kusimama barabarani kama anangoja wageni. Huyu binti atakwenda wapi? Mahali ambapo mtu hawezi kuondoka, hapo ndiyo ndani."

Fundi akamwambia mbona na wewe Bibi unavuta, tena moto umeuficha. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya kona, akanyoosha mkono, akaichomoa sigara kwenye midomo ya Karani. Mtu mwingine yeyote angefanya vile pangetokea ugomvi. Yeye akaigeuza, akauweka moto mdomoni mwake, na kwa sauti ya mtu aliyebana midomo akasema, "Mpagazi, mzigo wako uko nje. Nifuate." Akatoka.

Karani alibaki na vidole viwili hewani. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye sasa. Mtani hakasirikiwi. Akikasirika mbele za watu ni yeye ndiye aliyeshindwa, na angeimbwa mpaka Kongowe. Akavaa kofia yake polepole, akasimama, akasema kwa sauti kubwa kwamba Wazaramo ni wezi tangu kuumbwa kwa dunia, na akatoka kudai mali yake. Wenzake wakamfuata kwenda kuangalia.

Pale nje, kando ya ukuta wa kibanda cha vocha kilichofungwa, kulikuwa na benchi la mbao ambalo halikuwa na kazi maalumu. Bibi alikuwa ameshakaa. Akapigapiga mbao kwa kiganja pale pembeni yake, akamwambia Karani, "Kaa. Hapa ni Tabora. Umefika kwenu, pumzika."

Karani akakaa. Akadai sigara yake, akakabidhiwa kipisi chenye mate, akakitazama, akaomba ya pili kwa fundi.

Lile benchi halikupata jina lingine. Mtu akitaka kuvuta alisema anakwenda Tabora mara moja. Wake waliopiga simu kuuliza waume zao waliambiwa yuko Tabora, na mmoja alikuja juu kwa hasira, maana mume wake aliaga anakwenda Mlandizi. Bosi alijitahidi kuisaidia ile hali kwa kibao. Alimpa mchoraji kazi ya kuandika USIVUTE, kwa herufi nyekundu, akakipigilia mlangoni juu ya kitasa. Mlango ule ulifunguka kwa kuvutwa. Kwa siku kadhaa wageni walifika, wakasoma, wakausukuma. Waliokuwa ndani walipiga kelele vuta, vuta, na aliyeko nje akawa anaonyesha kibao kwa kidole. Jamaa aliyeleta soda aliusukuma kwa bega na kreti mikononi, bawaba ikatoka. Kibao kikahamishiwa ukutani. Bibi, ambaye hakusoma, aliomba asomewe tena na tena, na kila mara alicheka mpaka akashika kiuno.

Lakini haikuwa kicheko tu. Madereva kadhaa waliacha kusimama kwetu. Kulikuwa na wiki ambazo Bosi alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Bibi alimwambia, mbele yangu, kwamba akitaka kupunguza mtu aanze na mpishi. Bosi akaenda zake. Aliyekuja kuziba pengo ni Karani mwenyewe. Aliwaleta wastaafu wenzake kula supu, na akawa anawaeleza taratibu za pale kana kwamba yeye ndiye aliyezitunga. Jumapili familia zikaanza kuingia na watoto baada ya ibada. Kifua changu kilifunguka kidogokidogo. Siku moja nilifika nyumbani nikakuta mdogo wangu amelala bila kunisubiri, nikajua imekwisha.

Gharama aliilipa Bibi. Siku zote alikuwa anavutia jikoni, ameuelekea ukuta, na hakuna aliyemwona ila sisi. Bosi alimwambia jikoni si kwa wateja, aendelee. Akasema binti anaingia jikoni. Kwa hiyo na yeye akawa anakwenda Tabora. Mwanamke wa umri wake, kanga kichwani, amekaa kando ya barabara kuu na wanaume wenye bia mkononi. Kwao Msimbu walijua anapika hotelini, na hakuwahi kuwadanganya, maana grosari inauza chakula. Aliwaacha tu wafikirie hoteli wanayoitaka.

Siku moja likapita lori la mihogo. Juu ya mihogo alikuwa amekaa mtoto wa kaka yake, na yule kaka ndiye mwalimu wa madrasa kijijini. Lori lilikuwa linapita polepole, na wakatazamana.

Ujumbe ulifika kabla ya siku kuisha: arudi nyumbani, ameiaibisha nyumba. Alimsikiliza aliyeuleta, akamshukuru, akampa chakula. Siku ile hakuniita kuonja, na supu ilitoka bila chumvi kabisa. Karani alikunywa bakuli lote.

Alikwenda Msimbu siku ya Idi. Nilidhani sitamwona tena, na nilikuwa nimeshaanza kumtafutia maneno ya kumuaga. Akarudi na mfuko wa korosho mbichi, akafunga kanga yake, akawasha mkaa. Nilimwuliza walisemaje. Alisema walisema mengi, kaka alisema zaidi, na yeye aliwaambia kwamba ameonekana, basi. Kuonekana na mtani ni afadhali, angeonekana na mtu asiyemjua ndiyo wangekuwa na la kuuliza. Hakuniambia kama kaka yake alimpa mkono. Alikaa Tabora miaka mingine kadhaa, hadi magoti yalipomkatalia kusimama jikoni.

Mimi sasa napika kwangu, Kongowe. Mdogo wangu wa kiume ameoa. Wa kike yuko chuo. Hatukugawanyika.

Mwaka huu binti yake Bibi alinipigia simu. Alisema mama anakohoa, daktari ameshasema, wajukuu wameshaficha vibiriti, hasikii la mtu, labda wewe. Nilifunga mgahawa siku moja, nikapanda magari hadi Kisarawe mjini, kisha bodaboda hadi Msimbu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na haki ya kuyasema, nadhani, kwa sababu nilijua kifua kilichoziba kikoje, na kwa sababu nilitaka aendelee kuwepo.

Nilimkuta chumbani kwake, amekaa kitandani karibu na dirisha. Alikuwa amepungua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mara tatu huku amenishika mkono, akiupapasa kama anatafuta kitu kilichopungua. Aliulizia wadogo zangu mmoja mmoja. Aliulizia Karani. Nikamwambia watoto wake walikuja kumchukua, amerudi Tabora ile ya kweli. Akacheka hadi akakohoa, na alipokohoa nilisikia kile ambacho binti yake alikuwa anakisikia kila siku.

Nikaanza. Nilisema Bibi, kuna jambo. Sikufika mbali.

"Umetumwa," alisema.

Nikakubali nimetumwa. Nikasema lakini hata nisingetumwa ningekuja kulisema.

Alinitazama. Hakuniita mheshimiwa. "Mimi nilimwambia nani aache?" aliniuliza. Nikafikiri. Nikawapitia wote, Karani, fundi, madereva. Nikasema hakuna. "Niliwaambia watoke," alisema. "Basi."

Akavuta kigoda na fimbo yake, akaanza kuinuka. Nilimwambia akae palepale, ni nyumbani kwake, ni chumba chake. Akasema, "Wewe umo humu," kana kwamba mimi ndiye niliyesahau. Nikataka kumshika, akanikatalia. Alitoka kwa mwendo wake, fimbo, mguu, fimbo, akapita kibaraza, akaenda hadi pale kivuli cha nyumba kilipoishia, mwanzo wa mihogo. Akakaa. Nilimwona kupitia dirisha akiiwasha, akiigeuza, akiifunga midomo. Mabega yakashuka.

Tukaendelea kuzungumza hivyo, yeye nje na mimi ndani. Aliniuliza bei ya mchele Kongowe. Aliniuliza naolewa lini, na kama sijaolewa kwa sababu ya ukali wangu. Kisha upepo ukageuka, ukaja kutoka upande wa mihogo, na yeye akainua kichwa. Aliitoa sigara mdomoni ili neno lisikike.

"Moshi unakufikia huko?"

Ulikuwa unanifikia, kidogo. Lakini mbele ya pale alipokaa lilikuwa jua tupu, na tayari alikuwa ameshika fimbo, amejiandaa kuinuka.

"Haunifikii, Bibi," nilisema. "Kaa."